Namba Arobaini na Saba Imejibu

Barua themanini na tatu za mtaa mmoja zilitoka halmashauri ya mji Jumatatu, na Jumatano kitabu cha kupokelea kikarudi na sahihi themanini na tatu. Mahali pengine hiyo ingekuwa sifa. Pale, ambapo barua ya kutoka ghorofa ya chini kwenda ya juu huchukua wiki nzima na kufika na alama ya kikombe cha chai, ilikuwa miujiza. Digrii hakuwa mtu wa kuamini miujiza inayotokea saa za kazi.

Akapitisha kidole kwenye ukurasa. Arobaini na tano: dole gumba la mzee asiyejua kuandika. Arobaini na sita: mkwaruzo kama mjusi aliyekanyagwa. Arobaini na saba: sahihi ndogo, safi, imelalia kushoto, mkia wa herufi ya mwisho umezungushwa kama uzi unaofungwa fundo.

Namba arobaini na saba haikuwa na mtu. Lilikuwa pagale: kuta nne, nusu ya paa, mlango hakuna. Yeye mwenyewe ndiye aliyeligongomea kibao cha bluu chenye namba hiyo.

"Tarishi, hii barua ulimpa nani?"

Tarishi alikuwa amevua viatu, anasugua vidole vyake vya mguu. Hakuinua kichwa. "Mwenye nyumba. Ulitaka nimpe mbuzi?"

"Mwenye nyumba yupi?"

"Mama mmoja hivi. Nimebisha hodi, akasema karibu, akatoa mkono. Mkono tu. Akasaini, akaniambia asante baba, pole na jua. Mtu ana adabu zake, siyo nyie wasomi, salamu mnaitoa kama mnatoa damu."

"Ulibisha hodi kwenye nini? Pale hakuna mlango."

Tarishi akaacha kusugua. Akamtazama Digrii, akautazama mkono wake wa kulia, ule wa kugongea.

"Mlango ulikuwepo," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeteremka. "Nimeugonga. Ulikuwa wa baridi." Kisha akavaa viatu harakaharaka, cha kulia kushoto, akaenda kukaa nje penye watu.

Digrii lilikuwa jina la utani, na halikuwa na heshima ndani yake. Walimpa siku ya kwanza kazini, alipouliza ramani ya mji iko wapi na ofisi nzima ikaangua kicheko, maana ramani ya mji ilikuwa imetandikwa chini ya birika. Alikuwa na shahada ya jiografia na miaka mitano ya kuitembeza kwenye kila mlango wenye kibao. Uliofunguka ni huu: kibarua cha miezi mitatu cha kuandikisha nyumba na wakazi, chini ya Mkuu wa Idara ambaye cheti chake hakuna aliyewahi kukiona wala aliyethubutu kukiulizia. Mjomba wa mtu alimjua mjomba wa mtu. Hadithi ni ileile, tusichoshane.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Fomu ya kwenye tableti haikubali nafasi tupu. Kila jengo lenye kuta lipate namba, na kila namba iwe na jina la mkuu wa kaya; usipojaza, mstari unawaka mwekundu na mtaa mzima unagoma kufungwa. Siku ile alimpigia Mkuu wa Idara simu akiwa amesimama palepale juani, mbele ya pagale.

"Mkuu, hapa hakuna mtu."

"Andika mtu."

"Mtu gani sasa?"

"Digrii, nisikilize. Ijumaa ripoti iko mezani kwa Meya, na inatakiwa isome asilimia mia. Ukiniletea tisini na tisa, hiyo moja iliyopungua ni wewe. Jaza kitu, funga mtaa, twende mbele. Simpo."

Akajaza. Kila mwandikishaji alikuwa anajaza. Kuna mitaa katika daftari lile inayokaliwa na wachezaji mpira na mashangazi waliokwishazikwa. Yeye, kwa uchovu na hasira, aliandika jina la kwanza lililomjia, lile ambalo mkono wake uliliandika tangu chekechea kila palipoulizwa mzazi au mlezi. Jina la mama yake. Jinsia, mwanamke. Kazi, mshonaji. Kaya ya mtu mmoja. Madiwani wakalipitisha daftari kwa ndiyo moja ya kishindo huku nusu yao wakisoma simu, likapigwa muhuri, yakaisha.

Na ile sahihi kwenye kitabu cha tarishi, alikuwa ameijua kabla hajakubali kwamba anaijua. Ilikuwa chini ya kila ripoti yake ya shule.

Alikwenda saa tisa alasiri, jua likiwa kali, kwa sababu alikuwa msomi, na wasomi hujidanganya kwamba mchana hauna kitu. Mtaa ulikuwa na watu wake. Mwanamke alikuwa anaanua nguo. Mtu na jirani yake walikuwa wanabishana juu ya mfereji. Pagale lilikuwa vilevile, na magugu yake na kibao chake cha bluu. Mlango haukuwepo. Akasimama kizingitini, na harufu ikamfikia kwanza, mafuta ya cherehani na kitambaa kilichopigwa pasi sasa hivi, na chini ya harufu hiyo nyingine, ya udongo uliochimbuliwa.

Kisha akasikia. Kila cherehani ina mwendo wake, kama binadamu. Ya mama yake ilikuwa na kilema: kila mzunguko wa saba hukwama kidogo, ka!, halafu huendelea, kwa sababu ya jino la gurudumu lililovunjika kabla Digrii hajazaliwa. Alilelewa kwa sauti hiyo, alisinzia nayo, alisomea mitihani nayo. Na sasa, kutoka chumba cha ndani cha jengo lisilokuwa na chumba cha ndani, mahali ambapo macho yake yaliona ukuta na anga na kunguru mmoja juu ya tofali, cherehani ilikuwa inashona bila haraka, mizunguko sita laini na wa saba ka!, sita laini na wa saba ka!, mpaka akajikuta anahesabu, na alipofika wa saba safari hiyo haikusema ka bali ilinyamaza, kimya kile cha mshonaji aliyeinua mguu kwenye kanyagio ili asikilize nani yuko mlangoni.

"Mwanangu," ilisema sauti. "Mbona unasimama nje kama mgeni?"

Alikimbia. Shahada na yote, alikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani.

Nyumbani mama yake alikuwepo, kwenye kiti chake karibu na dirisha, futi ya kupimia shingoni, miguu kwenye kanyagio. Gurudumu lilikuwa linazunguka. Kitambaa kilikuwa kinasogea. Sauti haikuwepo hata kidogo.

"Mama!"

"Ee, mwanangu. Mbona unahema? Leo nina usingizi, sijui nini." Sauti ya mama ilikuwa mbali, kama inayosemea ndani ya mtungi. "Wateja hawajaja. Na huyo jirani yako kapita hapo, nimemsalimu mara mbili hajaitikia. Kiburi gani cha ghafla hiki? Juzi tu kakopa chumvi."

Mama akainuka kupiga pasi gauni la mteja. Alipitisha pasi ya moto mara moja, mara mbili, mara tatu, na mikunjo ikabaki vilevile. Hakuonekana kushangaa. Akaiweka pasi chini, akalitazama dirisha.

"Nimechoka. Nataka kurudi nyumbani."

"Mama, hapa ndipo nyumbani."

"Aa, siyo hapa," alisema mama taratibu, kama anayemsahihisha mtoto anayejifunza kusema. "Kule walikonipa namba."

Asubuhi Digrii alikuwa mbele ya meza ya Mkuu wa Idara kabla Mkuu hajamaliza chai yake. Hakumwambia habari za jini. Aliuliza tu kuhusu jina lililoandikwa mara mbili.

"Mbona jambo lenyewe jepesi," alisema Mkuu, akigeuza kompyuta amwonyeshe. "Mama yako yuko namba arobaini na saba, na yuko kwenye mtaa wenu pia. Mkazi mmoja, nyumba mbili. Barua zilikwenda kote, kila mtu athibitishe anaishi wapi ndani ya siku kumi na nne. Anayejibu anabaki. Asiyejibu, ile siku ya mwisho saa kumi jioni sistimu inamfuta."

"Na nani amejibu?"

"Arobaini na saba. Tena siku ileile. Mwandiko mzuri kweli."

"Barua ya nyumbani kwetu haikufika!"

"Ah, mtaa wenu tarishi wake yuko likizo. Ziko kwenye droo."

"Basi nipe, nimpelekee ajibu leo."

"Sistimu haikubali mtu ajibu mara mbili, na keshajibu." Akavuta kikombe. "Mkazi halali ni wa arobaini na saba. Huyo mwingine, wa kwenu, ndiye ziada. Kumwondoa wa arobaini na saba ni uamuzi wa kikao cha madiwani. Una nini wewe, mbona umeng'ang'ania meza yangu?"

Siku hizo zilikwenda kama maji kwenye kikapu. Mama alianza kusahaulika. Mwenye duka alimpita kwenye foleni kama anapita kiti. Chai aliyokunywa ilibaki kikombeni imejaa, inatoa moshi. Kila alasiri alisimama, akachukua mkasi na pochi, na Digrii akawa anamshika mkono mlangoni, na kila siku mkono ule ulikuwa mwepesi zaidi, mpaka akaogopa kuubana.

Siku ya kumi na mbili alimwita Bibi Mganga, mwanamke mzee aliyewahi kuwatoa wenyewe, kama alivyowaita majini, kwenye maghala na hata kwenye wodi ya wazazi. Bibi alifika kwenye pagale na mfuko wake, akatema mate pembeni, akaweka mguu mmoja kizingitini. Akautoa. Akasoma kibao cha bluu, midomo inacheza.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi, Bibi."

"Twende. Usigeuke nyuma, na akikuita usiitike."

Hawakusimama mpaka walipofika barabara ya lami. Bibi aliongea kwa kunong'ona, mkono umeziba mdomo kama anayeficha jino bovu.

"Huyu alikuwepo miaka yote. Hakumdhuru mtu, kwa sababu hakuwa na jina, na asiye na jina hawezi kukaa na watu. Ndiyo maana pale hapakujengwa. Sisi wajinga tusiosoma tulijua. Mkaja nyie na vibao vyenu."

"Mtoe, Bibi. Nakuomba."

"Nimtoe kwa lipi? Mimi namtoa aliyevamia. Huyu hakuvamia, ameandikishwa. Ana muhuri! Amekuwa mwananchi kuliko mimi, mimi hata hiyo namba sijapata." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamfia. "Jina alilopewa kwa karatasi litatoka kwa karatasi, na alitoe aliyempa. Ama lifutwe kabisa na hao wakubwa zenu, ama apewe lingine. Usimpe la uongo wala la maiti, atalitema. Anataka lenye pumzi. Na jina litakalokaa mle, mwenye jina hupungua mpaka basi."

Kikao cha madiwani kilikaa asubuhi ya siku ya kumi na nne. Digrii alipeleka ombi la dharura, akapewa nafasi baada ya mitaro na mbwa wazururaji. Alijua anachokwenda kupoteza: kukiri kwamba alighushi daftari ni kumaliza kibarua, na pengine kuanza kesi. Alisimama hata hivyo.

"Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani, namba arobaini na saba ni pagale. Nililijaza mimi. Jina ni la mama yangu. Naomba lifutwe leo, kabla ya saa kumi."

Miguno ikapita. Mkuu wa Idara aliinama kama mtu anayetafuta shilingi chini ya meza. Diwani mmoja mnene akasema, "Kwa hiyo asilimia mia yetu si mia?" na mwingine akamjibu, "Nyamaza bwana, tumeshapiga picha nayo."

"Binti," alisema Meya, mtu mpole wa miwani, "unatuambia hapo haishi mtu?"

"Haishi mtu, Mheshimiwa."

"Sasa yule pale ni nani?"

Digrii hakutaka kugeuka, lakini shingo iligeuka yenyewe, taratibu, kuelekea mabenchi ya wananchi kule nyuma, ambayo kila kikao huwa matupu kwa sababu wananchi wana akili zao, na kwenye benchi la mwisho, chini ya feni iliyokuwa imesimama ingawa nyingine zote zilizunguka, alikuwa amekaa mama yake, na gauni la mama yake, na futi ya kupimia shingoni, amepakata barua ya halmashauri iliyokunjwa vizuri mara nne, magoti pamoja, na anatabasamu lile tabasamu la mama aliyekuja shuleni kumtazama mwanawe anasoma shairi, isipokuwa kwamba mdomo ulifika mahali ambapo tabasamu huishia na ukaendelea kidogo.

"Mimi ndiye mkazi, wanangu," kilisema. "Nimeletewa barua, nimejibu. Nakaa pale. Kama kuna kosa, mnisamehe, mimi mtu mzima."

"Huna kosa, mama, huna kosa kabisa," alisema Meya, na madiwani wakatikisa vichwa kwa huruma. "Ni hawa vijana. Wanaokubali jina lifutwe waseme ndiyo."

Alisema Digrii peke yake.

"Wasiokubali?"

Siyo ilijaa ukumbi, na ilipokwisha moja ikabaki inaning'inia, ya sauti ya kike, tamu, ndefu kuliko pumzi ya mtu. Harufu ya udongo ikapita kati ya viti. Diwani mnene akapiga chafya. Wakaendelea na ajenda ya taa za barabarani.

Saa tisa na nusu Digrii alikuwa amekaa kwenye ngazi nje ya ofisi, tableti magotini. Kumfuta mkazi hakuwa na mamlaka. Kurekebisha jina alikuwa nayo, mpaka jioni hiyo mkataba utakapovunjwa. Alifungua namba arobaini na saba. Akaandika majina ya Mkuu wa Idara, yote matatu, na cheo juu yake. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Haki ya Mungu alilitaka. Miaka mitano ililitaka. Mtu aliyesema jaza kitu, basi ajazwe yeye.

Mlango wa Mkuu ulikuwa wazi. Alikuwa kwenye simu na binti yake mdogo, ameupa mlango mgongo, kwa sauti ambayo Digrii hakuwahi kuisikia kwake. "Nitakuja nayo, mama. Kwani baba amesahau lini? Usilie basi. Weka kiti dirishani, utaniona nikija."

Digrii alifuta jina lile herufi moja moja. Akakaa. Zikabaki dakika sita. Kisha akaandika lingine, lile lililoandikwa kwenye vyeti vyake vyote, akalisoma mara moja, akabonyeza. Mstari ukawa wa kijani. Mahali fulani ndani ya kifua chake mlango ulifungwa taratibu, na ulikuwa wa baridi.

Aliisikia cherehani kabla hajafika nyumbani. Sita laini, na wa saba ka! Ilisikika mtaa mzima. Alilia njiani bila aibu, na watu hawakumtazama, akadhani ni ustaarabu.

Dirishani jirani alikuwa ameegemea, anacheka na mama. "Wewe shoga ulijificha wapi wiki mbili hizi?" Gauni la mteja lilikuwa limeanikwa kwenye hanga, mikunjo yake imekaa sawasawa kama iliyochorwa kwa rula. Kikombe cha chai kilikuwa kitupu.

"Karibu, mwanangu," alisema mama. "Pita, pita ukae."

Digrii akapita. Akataka kumkumbatia, lakini mama alikuwa ameshasimama na futi mkononi, anamtazama toka kichwani hadi miguuni, mabega, kiuno, urefu wa mkono, macho ya fundi.

"Wewe mgeni mtaa huu, eti? Lakini uso wako huu... kama namfahamu mama yako." Akatikisa kichwa, akajicheka. "Uzee huu. Haya, unataka gauni la sherehe au la kazi?"

Digrii akainua mikono apimwe. "La kazi."

"Hongera, umepata kazi! Siku hizi kazi si mchezo." Mama akavuta kipande cha karatasi, akalamba ncha ya kalamu. "Nikuandikie jina gani?"

Digrii alifungua kinywa. Mama akasubiri, kalamu juu ya karatasi, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea wateja wenye haya. Akasubiri tena. Kisha macho yake yakalegea, yakapita pembeni, yakatua ukutani, na akarudi kukaa kwenye cherehani yake kama mtu aliyesikia hodi, akatoka, akakuta mlangoni hakuna mtu.